Nukta ya Jumanne

Kaloleni, Jumapili jioni

Nekesa,

Kwa idhini ya familia nzima ya nyumba hii, na kwa unyenyekevu mkubwa, natangaza rasmi kwamba kifuniko cha birika kilichotoweka tangu Krismasi kimepatikana. Kilikuwa chini ya kochi, upande wa ukutani, pamoja na soksi moja ya kijani na kile kitana ambacho mama yako aliapa kwamba shangazi yako aliondoka nacho. Nimekiona leo saa kumi nilipokuwa nasogeza kochi ili sanduku lako lipite. Hakijajeruhiwa. Kimeoshwa na kurudishwa kazini. Familia inawashukuru wote waliosimama nasi katika miezi ile migumu tulipofunika chai kwa kisahani.

Hiyo ndiyo habari rahisi. Nimeitanguliza kwa sababu unanijua: nikiwa na la kusema, kwanza nazunguka nyumba. Wewe na mama yako mko Baba Dogo kwa shangazi, mnaaga, na ninavyomjua hatawaachilia kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Kesho asubuhi unapanda basi la Marsabit kwenda kuwafundisha watoto wa watu hesabu. Kuna jambo lazima ulijue kabla hujapanda, na ukilijua huenda usipande. Ndiyo maana karatasi hii ina unyevu pembeni. Ni mkono wangu, si chai.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, na kutomwachia mtu simu yako, sitayagusa. Mama yako ameshayasema, na atayasema tena stendi mbele ya abiria wote. Mimi nataka kuanza na miguu yangu. Usicheke bado.

Umekulia kwenye viatu. Ulijifunza kuhesabu kwa jozi, ukiwa umekaa juu ya gunia pale kibandani Gikomba, mbili, nne, sita, na ukikuta kiatu kisicho na mwenzake ulilia kana kwamba kimefiwa. Kazi yangu unaijua. Kiatu cha mtumba kikiingia mkononi mwangu, nitakuambia aliyekivaa alikuwa akitembea vipi. Kisigino kikiwa kimelika upande wa nje, mwenyewe alikuwa na magoti mabaya. Soli ikiisha mbele, huyo alikuwa mtu wa haraka, pengine mhudumu wa hoteli. Sijapata kukutana na Mbelgiji hata mmoja, lakini namjua anavyoshuka ngazi. Huo ndio ujuzi wangu, na nilikuwa nautembeza mtaani kama cheti.

Sasa ona ulivyonisaidia. Tangu nimwoe mama yako mimi ni namba arobaini na moja. Mwaka ule ulipoingia chuoni, vile vyeusi vyangu vilianza kunibana jioni. Mtu mwingine yeyote hapa Kaloleni angefanyaje? Ana jozi mbili, hana pa kukimbilia, angeona upesi kwamba kiatu ni kilekile na aliyebadilika ni yeye. Lakini mimi nina kibanda. Nilinyoosha mkono nikachukua arobaini na mbili, nikavaa, maisha yakaendelea. Miezi ikapita, arobaini na mbili nayo ikaanza kuleta maneno. Nikanyoosha mkono tena. Nilimwambia mama yako kwamba viwanda vya Ulaya vimeanza kubania ngozi. Aliniamini, kwa sababu mtaalamu ni mimi.

Aliyenishtua ni Mutiso, jirani yangu wa kibanda, yule wa mikanda. Siku moja alinitazama kuanzia chini.

"Wafula, hiyo ni arobaini na ngapi?"

"Na tatu."

"Na mwaka juzi?"

"Na moja. Viatu vya siku hizi ni vidogo, Mutiso."

"Viatu vyote hapa vimepungua, na mikanda yangu haijapungua hata mmoja?" Akainama akaviangalia vizuri. "Buda, wewe unabalehe. Subiri tu, sauti itavunjika."

Safu nzima ilicheka, na mimi nikacheka kuwashinda, maana aliyechekwa asipocheka anaonekana ameumia. Lakini jioni hiyo nilikaa ukingoni mwa kitanda nikavua soksi. Nilibonyeza juu kidogo ya kifundo kwa kidole gumba, nikatoa kidole, na shimo likabaki palepale. Ulishaona unga wa chapati uliotulia, unaubonyeza na hauna haraka ya kurudi? Hivyo. Nilikaa nikiutazama mguu wangu mwenyewe kama mali ya mtu niliyoachiwa niitunze.

Kliniki nilienda na mama yako. Haya hujawahi kuyasikia yote, kwa sababu tulikupa yale yaliyopikwa. Daktari alikuwa msichana wa rika lako, nusura nimwite kwa jina lako.

"Mzee, uliwahi kuambiwa una presha?"

"Niliambiwa, kanisani, siku walipokuja kutupima baada ya ibada. Lakini ilipona."

"Ilipona vipi?"

"Nilikunywa dawa mpaka nikajisikia vizuri, nikaacha."

"Na kabla ya dawa ulikuwa unajisikia vibaya?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Sasa ulijuaje kwamba umepona?"

Nekesa, nimebishana na wateja wa Gikomba miaka yangu yote, watu wanaoweza kukukatia bei mpaka ukawaomba msamaha, na hakuna aliyewahi kuniziba mdomo namna hiyo. Mama yako alikuwa anatazama dirishani. Daktari akaendelea.

"Dawa za maumivu je?"

"Za mgongo tu."

"Kila siku?"

"Siku za kazi."

"Unafanya kazi siku gani?"

Hapo mama yako akajibu kwa niaba yangu. "Zote," akasema.

Na maji nayo. Wajua choo cha karibu na kibanda kiliko, na wajua mtu akiondoka kibandani dakika kumi mteja wake anavaa viatu kwa jirani. Kwa hiyo tangu ujana wangu nimekuwa sinywi maji mpaka nirudi nyumbani. Nilidhani hiyo ni bidii. Nilimsimulia daktari kwa fahari kidogo, nikitarajia aniandike kwenye kitabu cha mashujaa. Aliandika, lakini si kwenye kitabu hicho.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa ugonjwa huu unavyotembea, na nataka uuelewe kwa maneno yangu, kwa sababu maneno ya hospitali yanaingia sikio moja yanatafuta mlango. Fikiria mkokoteni unaopanda ule mteremko wa kutoka mtoni, umejaa magunia, unasukumwa na vijana sita. Mmoja anaacha kimya kimya, anakwenda zake. Mkokoteni unaendelea. Mwenye mzigo yuko mbele, hajageuka, haoni tofauti. Wa pili anaacha. Wanne waliobaki wanasukuma kazi ya watu sita, hawalalamiki, mzigo unakwenda. Lakini kwa sababu wanasukuma kupita kiasi, nao wanachoka kabla ya wakati wao, na wa tatu anaacha. Siku mwenye mzigo atakapogeuka, kwa sababu mkokoteni sasa unarudi nyuma, atakuta nyuma yake wamebaki wawili, na mmoja ana kikohozi.

Ndivyo mafigo yalivyo. Ndani yake kuna vichujio vidogo visivyohesabika. Vingine vikifa, vilivyobaki vinabeba kazi, nawe unakula, unacheka, unauza viatu. Figo halilii kama jino. Presha inavipiga vichujio, vichujio vikipungua presha inapanda zaidi, inarudi kuvipiga vilivyobaki, na hivyo vinashikana mikono kushuka. Dalili nilizonazo mimi, miguu, kuamka kwenda chooni usiku, povu lile kwenye mkojo nililodhani ni sabuni ya watu waliotangulia, zote zilikuja baada ya kazi kubwa kuharibika. Na kilichokufa hakifufuki. Dawa hazirudishi vijana walioacha mkokoteni. Zinawabembeleza waliobaki wasiache. Sikujua hilo. Nilidhani ugonjwa ni kama mafua: unakuja, unakunywa dawa, unaondoka.

Hatua ni tano. Siku ile nilipimwa damu, daktari akapiga hesabu, akasema mafigo yangu yanachuja kama arobaini na tisa, ambapo ya kijana kama wewe yangekuwa tisini na kwenda juu. Hatua ya tatu. Mimi nikasema angalau nimepita katikati. Hakucheka. Baadaye mama yako alinieleza kwamba ukishuka ngazi, kupita katikati si sifa.

Haya mengine unayajua kuliko mimi, kwa sababu uliyachora. Ulikuja likizo, ukachukua penseli na rula, ukafungua mlango wa kabati la vyombo, na ndani ya mlango ule ukachora mistari miwili, mmoja umesimama, mmoja umelala. Ukaweka nukta kwenye arobaini na tisa. Miezi minne baadaye ukaweka nyingine kwenye arobaini na mbili. Kisha thelathini na tano. Mimi nilikuwa nafikiri namba ni kama bei: leo mbaya, kesho nzuri. Ulinishika bega ukanisimamisha mbele ya kabati.

"Baba, nukta moja haisemi kitu. Unaweza kuwa ulikunywa maji kidogo, ulihara, chochote. Mstari ndio unaosema. Tazama unavyoelekea."

"Naona unaelekea kwenye sufuria."

"Baba."

"Naona, mama. Naona."

Tangu hapo nilibadilika, huo ukweli nipewe. Nilipunguza chumvi mpaka mboga zikaniuliza zimekosa nini. Dawa ya presha nainywa kila asubuhi, nijisikie vizuri au vibaya. Chupa ya maji iko kibandani, kwa kipimo alichoniwekea daktari, na Mutiso ananichungia viatu nikienda chooni, akiwaambia wateja kwamba mwenye duka amekwenda kubalehe. Dawa za maumivu niliacha. Kwenye hili la mwisho nitarudi, na sitarudi kwa furaha.

Kisha ikaja barua yako ya kazi. Ulikaa nayo siku mbili bila kusema. Siku ya tatu ulitusimamisha jikoni, ukafungua mlango wa kabati ili maneno yako yawe na shahidi.

"Mstari ukilala, naenda Marsabit," ulisema. "Ukiendelea kuanguka, nabaki hapa, natafuta shule ya karibu, na hakuna mtu wa kunibembeleza. Tungoje kipimo cha Jumanne."

Mama yako akasema sawa. Mimi nikasema sawa. Nilikutazama ulivyosimama, mkono kiunoni, na nilimwona mama yangu. Jina lake hukupewa bure.

Na hapa lazima nikupeleke nyumbani kidogo, magharibi, kwa bibi yako ambaye hukumkuta. Nilikuwa kijana wa umri wako nilipoondoka kwenda kwa mjomba wangu wa reli, huyu aliyetuachia nyumba hii. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Palikuwa na jua kali, na alikuwa amejifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, ya chini ikiburuta mavumbi. Nilimtania. Nilimwambia, "Mama, unafagia barabara ya serikali." Akacheka, akasema anataka niondoke nikimwona amependeza. Alikuwa anatembea polepole na mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo nilitangulia, nikawa nageuka kumngoja. Nilipopanda gari alikuwa amesimama chini ya lile bango la shule, leso imefika chini kabisa, anapunga mkono.

Sikumwona tena akiwa amesimama. Niliporudi, ilikuwa kwa mazishi, na shangazi zangu ndio walioniambia kwamba miguu yake ilikuwa imevimba tangu kabla sijaondoka, imevimba mpaka magotini, na kwamba alijifunga leso mbili siku ile ili nisiione. "Alijua ukiiona hutakwenda," walisema. Walisema ni umri. Alikuwa hajafika hata umri nilio nao leo. Hakuna aliyempima presha, hakuna aliyempima damu, kwa hiyo siwezi kuapa lilikuwa jambo gani. Lakini naijua miguu hiyo. Ninayo.

Watu wengine wangesema alifanya vizuri. Nilienda, nikapata kazi, nikampata mama yako, ukazaliwa wewe. Mimi nimeishi na jambo hilo zaidi ya miaka thelathini na nakuambia halijakaa vizuri hata siku moja. Si kwamba ningebaki. Labda ningekwenda vilevile. Lakini ningetembea polepole siku ile. Nisingetangulia. Aliniondolea nafasi ya kuamua, akaniachia kazi ya kukisia, na kazi hiyo haina likizo.

Halafu kuna wewe. Bibi yako, mimi, sasa wewe: tumeachiana jina na paji la uso, na huenda tumeachiana na presha. Kwa hiyo kule Marsabit, usingoje kuugua. Mara mbili kwa mwaka mpe muuguzi yeyote mkono wako akufunge kile kitambaa cha kupimia presha. Hilo ndilo agizo langu moja, nimejizuia mengine yote, nipongeze.

Najua pia ulichomwambia mama yako jikoni wiki iliyopita, kwamba tukipimwa tukalingana utanipa figo lako moja. Kuta za Kaloleni ni za zamani lakini masikio yake ni mapya. Nilitoka nje nikajifanya nakagua bomba. Hilo tutalizungumza siku ikifika, mbele ya daktari, baada ya kukupima wewe kwanza na kuhakikisha wewe mwenyewe uko salama. Si jambo la kuamua ukiwa unakatakata mboga ya sukuma.

Nimesikia hatua nje, kumbe ni za jirani. Naendelea.

Nilikuwa nimepanga hivi. Viatu vyako vya safari viko hapa mbele yangu, vile vya kahawia vya ngozi, kamera, chaguo la kwanza kabisa, ya gunia lile la mwezi uliopita. Wateja wawili walivitaka, nikasema vimeuzwa. Nilikuwa niandike barua hii, niikunje, niisukume ndani ya kiatu cha kushoto chini ya gazeti, uikute ukiwa umeshafika huko mbali, unafungua sanduku, basi limeshageuka. Nilijiona mwerevu. Nimeshika kalamu niandike neno la kwanza ndipo nikaiona ile leso inaburuta mavumbi. Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, utaisoma mezani, na sanduku likiwa bado mlangoni.

Jumanne ilikwenda hivi.

Ulitaka kunisindikiza. Nikakutuma ukanunue kamba ya sanduku, kamba ambayo tayari tulikuwa nayo, niliificha chini ya godoro. Ndiyo, iko hapo. Nilikwenda peke yangu kwa sababu nilikuwa najua. Wiki mbili kabla yake, magunia matatu yalifika siku moja, vijana wa kupakua hawakuja, nikayabeba na Mutiso. Mgongo ulikataa. Nikanunua zile dawa za maumivu, nikanywa siku nne, nikijiambia siku nne si kitu. Halafu miguu ikavimba asubuhi, siyo jioni tena.

Daktari alikuwa yuleyule. Alitazama karatasi, akaitazama tena, akauliza kama mtu wangu yuko nje. Nikasema leo nimekuja mimi na viatu vyangu. Namba ilikuwa ishirini na mbili. Hatua ya nne. Nilimwambia habari ya dawa za mgongo kabla hajauliza, na akasema huenda hizo ndizo zilizoivuta chini ghafla, kwamba pengine itapanda kidogo nikiziacha kabisa, na lazima nirudie kipimo baada ya wiki mbili ndipo tujue ni kuteleza au ni kuanguka. Hakuniahidi. Alisema pia kwamba kwa vyovyote umefika wakati wa kuanza kujiandaa, polepole, bila hofu, kwa siku ambayo huenda nitahitaji damu yangu isafishwe kwa mashine. Huenda ni miaka, huenda ni karibu zaidi. Akaushika mkono wangu wa kushoto akaniambia kuanzia leo huu usidungwe sindano wala kutolewa damu, mishipa yake itunzwe, itakuja kuhitajika. Nilitoka pale nikiwa nimeubeba mkono huo kama wa kuazima.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda kibandani. Mutiso akaniuliza imekuwaje, nikamwambia, "Thelathini na tano, vilevile." Nilitaka kusikia inavyosikika. Akanitazama.

"Mbona husherehekei?"

"Nasherehekea kwa ndani."

"Haya," akasema, na hakunitania tena siku nzima, ndipo nikajua hajaniamini.

Jioni ulinipokea mlangoni, na kabla sijavua viatu uliuliza. Nikakuambia thelathini na tano. Ulinikumbatia kwa nguvu hivi kwamba nilihisi moyo wako unavyokwenda. Ukanipa penseli, ukasema hii nukta niiweke mwenyewe, ni ya heshima. Nikafungua kabati. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako. Nikaiweka sawasawa na ile ya mwisho, mstari ukalala, wewe ukapiga makofi, ukaenda kupanga nguo. Mama yako nilimwambia ukweli siku ya Alhamisi. Akasema, "Mwambie wewe au nitamwambia mimi, lakini hatapanda basi kwa nukta ya uongo." Usimlaumu kwa siku hizi tatu. Aliniachia hadi leo.

Ninachotaka mimi nitakuambia wazi, ukitie kwenye hesabu yako au ukiache. Nataka uende. Mama yako yuko, Mutiso yuko, daktari ananikaripia vizuri. Kipimo cha kurudia nitakupigia nikiwa bado kliniki, na daktari nitampa simu akusomee namba yeye, kwa kuwa yangu imeshapoteza thamani sokoni. Lakini uliweka sharti, na sharti lilikuwa lako, na nililiiba. Sasa nalirudisha. Ukibaki, sitakubembeleza. Ukienda, nenda ukijua.

Ile nukta nimeifuta sasa hivi, kabla ya kuandika mstari huu. Mahali pake nimepaacha wazi. Penseli iko kando ya birika. Namba ni ishirini na mbili, iweke wewe. Mimi nitakuwa nje mlangoni nakupigia viatu brashi, na sitaingia mpaka uniite.

Baba yako,
asubuhi namba arobaini na mbili, jioni arobaini na tatu